Takayama, Jiji la Maseremala: Mwongozo Kamili wa Kuzuru Milima ya Hida, Japani

Wageni wengi huiona Takayama kwa kupita. Basi la watalii linawashusha saa nne asubuhi, wanapita mtaa mmoja wa nyumba za kale za mbao, wanakula mshikaki wa nyama ya ng'ombe, wanapiga picha kwenye daraja jekundu, na ikifika saa tisa alasiri wameshaondoka kuelekea Shirakawa-go au Kanazawa. Siwalaumu, maana ndivyo ziara nyingi zinavyopangwa. Lakini kwa mwendo huo mtu anaondoka na picha bila kuujua mji.

Mwongozo huu ni wa msafiri aliye tayari kulala Takayama angalau usiku mbili, na anayetaka kujua ilikuwaje mji uliojificha kati ya milima ukatoa mafundi waliosifika nchi nzima. Jibu ni msitu. Ukishika hilo tangu mwanzo, nyumba, sherehe, ofisi ya liwali na hata samani za madukani zitakuwa zinasimulia habari moja.

Kwanza, ielewe ardhi yenyewe

Takayama iko mkoani Gifu, katikati ya kisiwa cha Honshu, katika eneo ambalo wenyeji bado wanaliita kwa jina la jimbo lake la kale, Hida. Tarehe 1 Februari 2005 jiji liliunganishwa na miji midogo na vijiji 9 vya jirani, likawa ndilo jiji lenye eneo kubwa kuliko yote Japani: kilomita za mraba 2,177, karibu sawa na mkoa mzima wa Tokyo. Lakini Tokyo ina watu zaidi ya milioni 14, na Takayama wako kama 80,000. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni misitu na milima.

Hapo ndipo wapangaji wengi wa safari wanapoteleza. Wanasoma "Takayama" kwenye ramani wakadhani kila kitu kiko jirani. Mji wa kale umekaa kwenye bonde dogo, mita 570 hivi juu ya usawa wa bahari, na unauzunguka wote kwa miguu. Vijiji vya chemchemi za maji moto vya Okuhida navyo ni Takayama kiserikali, lakini kwa basi ni mwendo wa saa moja na zaidi. Hesabu safari hizo kama mbili tofauti.

Upande wa mashariki inapanda Milima ya Hida, ambayo wengi huiita Alps ya Kaskazini ya Japani. Kilele cha Okuhotaka, chenye mita 3,190, ni cha tatu kwa urefu nchini humo baada ya Fuji na Kita. Aliyezoea kuitazama Kilimanjaro yenye mita 5,895 anaweza kuidharau namba hiyo. Asifanye hivyo. Miamba ya Hotaka ni mikali, theluji hukaa kwenye mabonde yake ya juu hadi katikati ya kiangazi, na watu hufia huko kila mwaka.

Mto Miyagawa unaopita katikati ya mji unatiririka kwenda kaskazini, hadi Bahari ya Japani. Kusini kidogo mwa mji, ukivuka mgongo wa Miya, maji yote yanakwenda upande wa pili, Bahari ya Pasifiki. Mji umekaa karibu na paa la nchi, na kwa karne nyingi kufika huko kulikuwa shughuli.

Historia yake, kwa kuufuata mti

Katika karne ya 8 serikali ya kifalme ilikuwa inajenga mji mkuu wa Nara, na kila jimbo lilidaiwa kodi ya mazao na nguo. Hida haikuwa na mashamba ya mpunga ya kutajika. Ilichokuwa nacho ni miti na watu waliojua kuichonga. Sheria ikaisamehe kodi hizo, na badala yake kila kijiji cha kaya 50 kikatakiwa kutoa wanaume 10 kwenda kufanya kazi ya useremala mji mkuu kwa zamu ya mwaka mmoja. Hao ndio *Hida no takumi*, mafundi wa Hida, waliotia mkono katika ujenzi wa majumba na mahekalu ya zama zile. Wanasifiwa sana leo, lakini kazi ilikuwa ngumu na wengine walitoroka, hata serikali ikatoa amri za kuwasaka.

Mji unaouona sasa ulipangwa na mtu mmoja, Kanamori Nagachika, mbabe wa vita aliyeiteka Hida mwaka 1585 kwa niaba ya Toyotomi Hideyoshi, kiongozi aliyekuwa akiiunganisha Japani. Kuanzia 1588 alijenga ngome juu ya kilima, na chini yake akapima mitaa akiiga Kyoto: wapiganaji wakae sehemu ya juu, wafanyabiashara bondeni, mahekalu yapangwe mashariki chini ya milima. Ukoo wake ulitawala vizazi sita.

Mwaka 1692 shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliwahamisha kina Kanamori kwenda kaskazini ya mbali na akaichukua Hida iwe mali yake moja kwa moja. Sababu inayotajwa sana ni utajiri wa misitu na madini. Ngome ikabomolewa 1695, na kwa miaka 177 jimbo likaendeshwa na maliwali 25 waliotumwa kutoka Edo, yaani Tokyo ya leo. Kazi yao kubwa ilikuwa kodi na magogo. Miti ilikatwa milimani, ikasukumwa mtoni, ikaelea kwenda kuuzwa mbali.

Wenyeji hawakukaa kimya. Kati ya 1771 na 1788, chini ya liwali Ohara na mwanawe aliyemrithi, wakulima waliasi mara kwa mara kupinga upimaji wa mashamba na kodi zilizozidi. Viongozi wao wengi waliuawa. Mwishowe malalamiko yao yakafika Edo, na Ohara mdogo akavuliwa cheo na kupelekwa uhamishoni kisiwa cha Hachijo. Ukiingia ofisi ya maliwali, izuru ukiikumbuka habari hiyo.

Reli ilifika 1934 na Takayama ikapewa hadhi ya jiji 1936. Huko kuchelewa kuliiokoa. Wakati miji mingine inabomoa nyumba za mbao na kumwaga zege, wakazi wa mitaa ya kale hapa walianza miaka ya 1960 kukubaliana jinsi ya kuzitunza, na mwaka 1979 serikali kuu ikautambua mtaa wa Sanmachi kuwa eneo la kuhifadhiwa.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Kuna tarehe nne za kuzingatia: 14 na 15 Aprili, na 9 na 10 Oktoba. Hizo ndizo sherehe za Takayama, na nitazieleza baadaye. Ukizitaka, tafuta chumba miezi mingi mapema, wengine huweka mwaka mzima kabla. Usipozitaka, zikwepe kabisa, kwa sababu mji unafurika.

Mwisho wa Aprili hadi Mei hali ya hewa ni nzuri na milima bado ina theluji juu. Julai na Agosti ni joto mchana lakini usiku pana ahueni kuliko Tokyo au Nagoya. Mwishoni mwa Septemba majani hugeuka rangi milimani, na rangi hiyo hushuka taratibu hadi kuufikia mji mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Kama ningelazimika kuchagua wiki moja tu kwa mtu asiyejali sherehe, ningechagua ya mwisho wa Oktoba.

Baridi ya Desemba hadi Februari ni ya kweli. Usiku joto hushuka chini ya sifuri kwa kawaida, na theluji hulala barabarani. Mtu wa pwani aje na viatu visivyoteleza vyenye soli ya mpira mgumu, soksi nene na koti linalozuia upepo. Thawabu yake ni mji wenye nafasi, na paa nyeupe juu ya mbao nyeusi.

Hatua ya 2: Viza, pesa na njia ya kufika

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Japani. Kuna balozi za Japani Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kinshasa na Kigali. Watakutaka ratiba ya siku kwa siku, uthibitisho wa malazi na ushahidi wa kifedha. Andika ratiba inayoeleweka: afisa akiona "Tokyo asubuhi, Takayama mchana, Osaka jioni" atajiuliza maswali.

Beba pesa taslimu, yeni. Mahoteli na maduka makubwa yanapokea kadi, ila kina mama wa masokoni na migahawa midogo mara nyingi hawapokei. Mashine za pesa zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi nyingi za kigeni.

Takayama haina uwanja wa ndege wa abiria. Njia kuu za kuingia ni hizi:

- Kutoka Nagoya: treni ya haraka iitwayo Hida, kama saa 2 na nusu, nauli karibu yeni 6,000. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mara ya kwanza.
- Kutoka Tokyo: panda shinkansen, treni ya mwendokasi, hadi Nagoya kisha Hida, au shinkansen hadi Toyama kisha treni ya saa 1 na nusu kushuka kusini. Kuna pia basi la moja kwa moja kutoka Shinjuku, saa 5 na nusu hivi, lenye nafuu ya bei.
- Kutoka Matsumoto: basi la kuvuka milima, zaidi kidogo ya saa 2.

Tiketi ya Japan Rail Pass inatumika kwenye treni ya Hida, ila haitumiki kwenye mabasi ya kampuni ya Nohi, na mabasi ndiyo yanayokwenda milimani na Shirakawa-go. Weka bajeti yake kando.

Jambo dogo la treni ya Hida: ukitoka Nagoya utakuta viti vyote vimetazama nyuma, na abiria wamekaa wametulia kana kwamba hakuna tatizo. Usihangaike kukigeuza chako. Baada ya dakika 20 hivi treni inafika Gifu, inabadili mwelekeo, na kuanzia hapo mnatazama mbele hadi mwisho. Baada ya Gifu reli inafuata Mto Hida. Maji ya kijani, mawe makubwa, madaraja. Usilale.

Hatua ya 3: Pata pa kulala

Usiku wa kwanza lala mjini, kati ya kituo cha treni na mto. Ni mwendo wa dakika 10 tu kwa miguu kutoka kituoni hadi mitaa ya kale, hivyo huna haja ya teksi. Sababu ya kulala hapo ni moja: uwe barabarani kabla ya mabasi ya watalii.

Usiku wa pili lala Okuhida kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji yenye maji moto. Bei yake huonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba chakula cha jioni na kifungua kinywa vimo ndani, na kwamba hutoki tena usiku. Ukibanwa na mfuko, lala mjini siku zote mbili na uende Okuhida kwa basi la asubuhi.

Hatua ya 4: Siku ya mjini

Amka saa kumi na mbili. Tembea Kami-Sannomachi wakati maduka yamefungwa, kwa sababu ndipo unaziona nyumba zenyewe badala ya bidhaa. Paa ni fupi, mbao za mbele zimepakwa rangi ya udongo iliyochanganywa na masizi, na madirisha yana fito nyembamba zilizopangwa kwa kipimo kisichoyumba. Mbele ya kila nyumba unapita mfereji mdogo wa maji, wa kuzimia moto na kuyeyushia theluji. Hapa moto ndio uliokuwa adui mkubwa kuliko jeshi lolote.

Ukiona tufe kubwa la majani ya mwerezi limening'inia juu ya mlango, hicho ni kiwanda cha sake, pombe ya mchele. Tufe jipya la kijani linatangaza sake mpya. Kadiri linavyokauka na kuwa kahawia, sake nayo inakomaa. Hata asiyekunywa anaweza kuingia na kuangalia jengo.

Masoko ya asubuhi ni mawili. Moja liko kandokando ya Mto Miyagawa, jingine mbele ya ofisi ya kale ya liwali. Yanaanza saa moja asubuhi miezi ya joto, saa mbili wakati wa baridi, na kufikia adhuhuri yamekwisha. Wauzaji wengi ni wakulima wanawake watu wazima. Utakuta tanipu nyekundu zilizochachushwa kwa chumvi, matofaa, uyoga, miso (rojo la soya iliyochachushwa), na vikaragosi vyekundu visivyo na uso viitwavyo sarubobo, ambavyo bibi waliwashonea wajukuu kama kinga. La mtoni ni kubwa na limejaa zawadi za watalii. La liwali ni dogo na lina mboga zaidi. Mimi napenda la pili. Kubishania bei si desturi yao, ila kuonjeshwa ni kawaida.

Kisha ingia Takayama Jinya, ofisi ya maliwali, mara tu inapofunguliwa. Zamani kulikuwa na ofisi za namna hii zaidi ya 60 nchini, na hii ndiyo pekee ambayo majengo yake makuu yamebaki. Iliendelea kutumika kama ofisi ya serikali hadi 1969. Vua viatu mlangoni, weka kwenye mfuko utakaopewa, na tembea polepole.

Angalia chini: mikeka ya tatami ina pindo tofauti kulingana na cheo cha aliyeruhusiwa kukaa chumba hicho. Angalia juu ya nguzo: vichwa vya misumari vimefunikwa kwa vipande vya chuma vyenye umbo la sungura, masikio yamelazwa nyuma. Kisha ufike chumba cha mahojiano. Pana changarawe sakafuni, ubao wenye makali ya pembetatu ambao mshukiwa alipigishwa magoti juu yake, na mawe mazito ya kumbebesha mapajani. Nyuma ya hapo liko ghala la mpunga wa kodi, lililohamishwa kutoka ngome iliyobomolewa 1695. Ofisi, mateso na ghala viko ndani ya boma moja, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Mfumo mzima wa utawala umo humo.

Kutoka Jinya vuka Nakabashi, daraja jekundu la kwenye picha, na nenda kaskazini hadi nyumba mbili za wafanyabiashara zilizo jirani: Kusakabe, iliyojengwa upya 1879 na fundi Kawajiri Jisuke baada ya moto mkubwa wa 1875, na Yoshijima, iliyojengwa upya 1907. Wengi huingia moja wakadhani wameziona zote. Ingia zote mbili. Kusakabe ina boriti nene na uzito wa kiume. Yoshijima imejengwa kwa nguzo nyembamba, na mwanga unashuka kutoka madirisha ya juu ukizipiga mbao zilizosuguliwa zikang'aa. Simama katikati ya ukumbi wa udongo na utazame darini jinsi boriti zinavyopishana na kushikana. Maseremala hawa hawakuwa na haja ya kuficha kiunzi chini ya dari, kwa sababu kiunzi chenyewe ndicho kilichokuwa pambo.

Alasiri, mitaa ya Sanmachi ikijaa watu, wewe ondoka. Njia ya Higashiyama inapita mahekalu ya Kibudha yaliyopangwa na Kanamori, ikazunguka hadi bustani ya Shiroyama palipokuwa na ngome. Kilichobaki cha ngome ni mawe machache na miti mikubwa. Lakini kwenye mteremko wa kilima hicho lipo hekalu la Shoren-ji, ambalo ukumbi wake unasemekana ulijengwa 1504 katika bonde la Shokawa na ukahamishiwa hapa miaka ya 1960 mwanzoni, bonde lilipozamishwa na bwawa la umeme la Miboro. Dubu wapo kwenye misitu hii. Fuata mabango, na usiingie vichochoro vya msituni jioni.

Hatua ya 5: Nusu siku Hida no Sato

Hiki ni kijiji cha makumbusho kilichofunguliwa 1971, dakika 10 kwa basi kutoka kituoni, chenye nyumba zaidi ya 30 za wakulima zilizobomolewa kutoka sehemu mbalimbali za Hida na kusimamishwa upya hapa. Zipo za gassho-zukuri, zenye paa kali la nyasi linaloteremsha theluji, na zipo za paa la chini la vibao vilivyokandamizwa kwa mawe. Ndani ya baadhi yake moto huwashwa mekoni kila siku, kwa sababu moshi ndio unaokausha paa na kufukuza wadudu. Nguo zako zitanuka moshi, vumilia.

Panda ghorofa ya juu ya nyumba ya gassho, palipofugwa viwavi wa hariri, na uangalie viungo vya paa: fito zimefungwa kwa kamba na matawi yaliyosokotwa, bila msumari. Paa linaweza kuyumba kidogo kwa upepo na uzito wa theluji bila kuvunjika.

Watu huniuliza kama waende hapa au Shirakawa-go. Shirakawa-go, kijiji kilichoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, ni dakika 50 kwa basi, na mandhari yake ni halisi kwa kuwa watu wanaishi humo hadi leo. Kwa sababu hiyohiyo nyumba nyingi huwezi kuingia, na msongamano ni mkubwa. Kama unataka kuelewa jinsi nyumba zilivyofanya kazi, nenda Hida no Sato. Kama unataka picha ya bonde zima, nenda Shirakawa-go, na kata tiketi ya basi mapema.

Hatua ya 6: Panda Okuhida

Mabasi yanaondoka kituo cha Nohi kando ya stesheni ya treni. Baada ya saa moja unafika Hirayu, lango la vijiji vitano vya maji moto: Hirayu, Fukuji, Shin-Hirayu, Tochio na Shin-Hotaka. Basi likiendelea kwa nusu saa zaidi unafika Shin-Hotaka, ambako magari ya kebo yamekuwa yakipandisha watu tangu 1970. Safari ni ya awamu mbili. Ya pili ni gari la ghorofa mbili, na inakufikisha mita 2,156. Siku ya anga safi unaona safu ya Hotaka usoni kwako pamoja na ncha ya Yari. Siku ya mawingu huoni kitu, na nauli ni zaidi ya yeni 3,000, kwa hiyo tazama kamera za moja kwa moja za kileleni kabla ya kukata tiketi. Hata Julai chukua sweta.

Msimu wa joto kuna chaguo jingine: basi la Norikura Skyline, barabara inayopanda hadi Tatamidaira, mita 2,702. Magari binafsi yamepigwa marufuku tangu 2003 ili kulinda mimea. Kutoka hapo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutembea hadi kilele cha Kengamine, mita 3,026, na kurudi siku hiyohiyo. Barabara hufunguliwa katikati ya Mei na kufungwa mwisho wa Oktoba, na mvua kubwa huiharibu mara nyingine, hivyo ulizia kwanza.

Kuoga maji moto kuna taratibu zake. Wanaume na wanawake wana sehemu zao, na kila mtu anaingia bila nguo. Kwanza kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni na ujisuuze kabisa. Ndipo uingie bwawani, taulo dogo ukiliacha pembeni. Kwa aliyelelewa kwa stara ya pwani hilo ni gumu, na suluhisho lipo: ryokan nyingi za Okuhida zina bafu la kukodi kwa familia, unafunga mlango ukawa peke yako. Omba wakati wa kuweka chumba. Mwenye tatuu mwilini aulize pia, maana baadhi ya sehemu hazimruhusu.

Ukielekea Matsumoto kutoka Hirayu utapita handaki la Abo, refu kwa mita 4,370, lililofunguliwa Desemba 1997. Kabla yake njia ya juu ilifungwa na theluji kila msimu wa baridi. Lilijengwa karibu na volkano hai, na Februari 1995 mlipuko wa mvuke upande wa Nakanoyu uliua wafanyakazi 4. Kusini zaidi iko njia ya Nomugi, mita 1,672, ambako wasichana wa Hida walipita kwa miguu kwenye theluji kwenda viwanda vya hariri vya Okaya, enzi za Meiji (1868–1912) na baada yake.

Chakula, na tahadhari kwa Waislamu

Nyama ya ng'ombe wa Hida haipewi jina hilo hovyo: ng'ombe awe mweusi wa Kijapani, awe amenenepeshwa mkoani Gifu kwa miezi isiyopungua 14, na nyama ifikie daraja la 3 au zaidi. Ina mafuta yaliyosambaa kama utando, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha. Usiridhike na mshikaki wa barabarani. Agiza *hoba miso*: jani kavu la magnolia juu ya jiko dogo la makaa, juu yake miso, vitunguu na uyoga, vinachemka mbele yako na kuliwa na wali. Dango za hapa, vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa, hupakwa soya tupu na hazina sukari, tofauti na za miji mingine. Mie ya Takayama ni nyembamba yenye mchuzi mwepesi wa soya.

Anayekula halali ajue kwamba sake na mirin, vileo vya mapishi, hujificha kwenye michuzi mingi, na mchuzi wa mie unaweza kuwa na mifupa ya nguruwe. Hoba miso na soya ya dango navyo aulizie. Ofisi ya utalii iliyo mbele ya stesheni inatoa ramani kwa lugha nyingi na inaweza kukuelekeza migahawa inayohudumia Waislamu na wasiokula nyama. Ryokan ziandikie siku kadhaa kabla. Ukiwaambia mezani wakati chakula kimeshapikwa, hawana la kufanya.

Ukija wakati wa sherehe

Sherehe ya masika, ile ya Aprili, ni ya hekalu la Shinto la Hie, na ya vuli, ile ya Oktoba, ni ya Sakurayama Hachiman. Masika hutoka yatai 12, vuli 11: mikokoteni mirefu ya mbao iliyochongwa, kutiwa vanishi na kupambwa dhahabu, mali ya mitaa ambayo kila mmoja ulishindana na mwenzake. UNESCO iliitambua 2016 pamoja na sherehe nyingine za aina hiyo Japani.

Baadhi ya yatai zina vikaragosi vinavyoendeshwa kwa nyuzi na watu waliojificha ndani. Hoteitai ya vuli ndiyo ya kupigania nafasi: watoto wawili wa mbao wanajirusha kutoka bembea moja hadi nyingine na kutua mabegani mwa Hotei, mungu wa bahati. Fika saa moja kabla na usimame mbele. Usiku wa siku ya kwanza yatai huzungushwa zikiwa na taa za karatasi. Mvua ikinyesha hata manyunyu, hazitoki, kwa hiyo panga siku zote mbili. Nje ya sherehe, jumba la Yatai Kaikan huonyesha nne kwa zamu, na mitaani utatambua maghala yao kwa milango myembamba mirefu kupita nyumba za jirani.

Kuondoka

Usirudi kwa njia uliyojia. Ukiingia kwa Nagoya, toka kwa Toyama: reli inaufuata Miyagawa unavyoteremka baharini, na Toyama unapata shinkansen ya Kanazawa au Tokyo. Mwenye gari la kukodi mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni apite Shokawa kando ya barabara namba 156, aone miti miwili ya micheri yenye umri wa zaidi ya miaka 450 iliyong'olewa na kupandwa juu zaidi mwaka 1960, bwawa la Miboro lilipozamisha kijiji. Basi la Matsumoto na la Shirakawa-go hujaa wikiendi na siku za mapumziko, kwa hiyo kata tiketi siku ile ile unayofika Takayama, kabla hujaenda hotelini. Dirisha la Nohi liko hatua chache kutoka mlango wa stesheni.